Mkono wa Nyumba ya Kesho

Ozella Pinder aliingia kazini katika Nyumba ya Kesho akiwa na miaka kumi na tisa, na siku ilipofungwa alikuwa na hamsini na minne. Mimi nilikuwa stoo ya sare, nafua na kupiga pasi nguo za wafanyakazi wote wa Mtaa wa Kesho katika bustani yetu ya burudani, nje kidogo ya mji wa Kissimmee, karibu na Orlando. Kwa hiyo nilimjua kwa vipimo kabla sijamjua kwa maneno. Gauni lake la rangi ya fedha nimelifumua na kulishona upya mara sita. Kitambaa chake kilikuwa hakipitishi hewa hata kidogo. Aliyekichagua bila shaka aliamini kwamba siku zijazo watu wataacha kutoka jasho.

Kazi yake ilikuwa kuwa mama wa nyumba ya siku zijazo. Watu waliketi kwenye viti vya duara, pazia linafunguka, naye anatokea jikoni na kuwaonyesha maisha yatakavyokuwa: taa zinazowaka kwa kuambiwa, simu yenye picha ya anayekupigia, na mkono wa chuma unaotoka ukutani kukuletea kifungua kinywa. Mwaka alioanza, 1980, mama wa nyumba hiyo kuwa na ngozi nyeusi lilikuwa jambo la kuandikwa gazetini, na liliandikwa. Mama yake mzazi, Ernestine, alikuwa amesafisha nyumba za matajiri wa Winter Park maisha yake yote. Alikuja Jumapili moja na kofia yake ya kanisani, akaketi mstari wa mbele, akatazama mwanzo hadi mwisho. Onyesho lilipokwisha akauliza swali moja tu: nani anaosha vyombo? Ozella akamwambia ni mashine. Bibi yule akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema basi ni sawa.

Ozella aliamini kile alichokuwa anakisema pale jukwaani. Hilo ni lazima lieleweke, maana wengi wetu tulikuwa tunakula mshahara tu.

Kwenye kibao cha mlangoni paliandikwa «Mwaka 2000». Ilipobaki miaka miwili tu mwaka wenyewe ufike, mafundi wakaja na ngazi wakapaka «Mwaka 2020». Mwaka 2011 wakaja tena, safari hii wakafuta tarakimu zote, pakabaki «Kesho» peke yake. Ndani hakikubadilishwa kitu, si jiko, si simu, si lile zulia la rangi ya chungwa. Wageni walioshangilia simu ya picha zamani walikuwa sasa wanaipiga picha kwa simu zao, wakicheka. Kuna siku mzee mmoja wa Ohio alimkatiza Ozella katikati ya maneno akamwambia nyumba ya kwake ina mambo zaidi ya hayo, na ni ya kupanga. Ukumbi mzima ukacheka. Ozella akacheka nao, akaendelea. Aliporudisha gauni jioni hiyo hakunisalimia.

Mtaa wenyewe nao ulikuwa unaliwa kidogo kidogo. Roketi ya katikati ilishika kutu, wakaizungushia turubai lenye tangazo la soda. Ukumbi wa safari ya sayarini uligeuzwa duka la wanasesere wa katuni. Ungemwuliza mgeni aliyetoka kuzunguka pale siku zijazo zina nini, angekwambia zina baridi ya viyoyozi na foleni ya aiskrimu.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinapigiwa makofi ya kweli, na ni ule mkono.

Ule mkono uliharibika mwaka 2001. Kiwanda kilichotengeneza vipuri vyake kilishakufa. Msimamizi wa wakati huo akaona kufunga onyesho ni aibu, akamwagiza fundi atoboe ukuta kwa nyuma na autoe mkono matumbo yake yote, ubaki bomba tupu lenye vidole. Kisha akamwita mwanamke aliyekuwa anafagia ukumbi, Migdalia Cotto, mtu wa Ponce kule Puerto Rico, akamwambia apitishe mkono wake ndani ya bomba na kusukuma sinia. Alimwambia ni kwa wiki moja.

Ilikuwa miaka kumi na minne. Maonyesho kumi na manane kwa siku, Migdalia ameketi kwenye stuli nyuma ya ukuta, bega limeinuka, mkono ndani ya bati. Watu walisema ule mkono una madaha, kwamba mashine za siku hizi zote zimekosa kitu kile. Migdalia alipenda sana kusikia hivyo. Kuna nyakati alimchokoza Ozella kwa kumnyima kikombe, anakipeleka huku na huku, na Ozella anajifanya anabishana na mashine. Hapo ndipo watu walipocheka kicheko kizuri. Wawili wale walikula pamoja kila mchana, Ozella na viazi vyake vitamu, Migdalia na wali wa mbaazi, wakisemana.

«Shoga, leo sinia umelitupa kama unamlisha mbwa,» Ozella angesema.

«Ongea na mashine,» Migdalia angemjibu. «Mimi ni mfagiaji.»

Na kweli, katika karatasi za ofisi aliendelea kuwa mfagiaji. Hakuna aliyewahi kubadilisha. Mumewe, Efraín, alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo, na bima iliyomlipia ni ya kazi ya Migdalia. Alikuwa amebakiza miezi kumi na saba astaafu na bima yake mkononi.

Mwaka 2015 bustani ilipata wenye mali wapya, nao wakaleta watu wa kuuliza maswali. Walitaka kujua kama Mtaa wa Kesho bado unastahili jina lake. Walituita kumi na wawili chumbani, wakatupa keki ndogo na kahawa, na kijana mpole aliyeitwa Prentiss Hale akasema tuzungumze bila woga, hakuna jibu baya. Watu wakasema yale yanayosemwa: kwamba wageni wanafurahi, kwamba rangi ingerudiwa. Mimi nilisema nguo ni za joto.

Ozella alikuwa amengoja siku ile kwa miaka mingi. Alikwishaandika barua nne kwa mameneja wanne, akieleza jinsi nyumba inavyoweza kufanywa upya, na hajajibiwa hata moja. Nilimwona anafungua mkoba wake na kutoa karatasi, lakini hakuisoma.

«Nitakwambia ukweli, mwanangu,» alisema. «Si kesho ile. Imeacha kuwa kesho miaka kumi na tano sasa. Taa nawasha mimi kwa mguu. Simu ni filamu. Na ule mkono mnaousifia si mashine, ni Migdalia huyu hapa, ameketi nyuma ya ukuta na mkono wake ndani ya bomba tangu mwaka 2001. Tujengeeni nyumba ya kweli. Watu bado wanataka kujua huko mbele kuna nini. Mimi bado nataka.»

Prentiss aliacha kuandika, kisha akaandika haraka sana. Migdalia alikuwa ameshika keki yake. Aliirudisha kwenye sahani polepole, akaitazama tu. Hakumtazama Ozella.

Mdomo uliponza kichwa, watu husema. Wa Ozella uliponza kichwa cha mwenziwe.

Siku nne baadaye walikuja watu wa usalama kazini wakapiga picha tundu la ukuta. Onyesho likasimamishwa siku hiyo hiyo. Migdalia aliitwa ofisini akaambiwa kwamba mfagiaji amekutwa akifanya kazi katika sehemu isiyoruhusiwa, bila mafunzo na bila kibali, kwa miaka kumi na minne, na kwamba hilo ni kosa kubwa. Alipouliza aliyemweka pale yuko wapi, wakamwambia msimamizi huyo hayupo tena na hakuna maandishi yoyote. Aliondoka na kiatu chake cha kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Sare yake niliipokea mimi, na ubavu wa kulia ulikuwa umechakaa pale alipokuwa anaegemea ukuta.

Ozella hakufukuzwa. Yeye alishukuriwa. Ripoti ilipotoka ilinukuu maneno yake katika ukurasa wa kwanza: «wafanyakazi wetu wenyewe wanakiri kwamba si kesho tena.» Kwa sababu hiyo, iliendelea, nyumba ibomolewe na mahali pake pawekwe safari ya katuni ya bata mwanaanga. Juu ya nyumba ya kweli hapakuwa na hata mstari mmoja.

Jumamosi iliyofuata alioka pai ya viazi vitamu, akaniomba nimwendeshe hadi kwa Migdalia. Migdalia alifungua mlango wa wavu nusu, akasimama katikati. Alikuwa amefunga bega kwa kitambaa.

«Sikujua watafanya hivi,» Ozella alisema.

«Hukujua. Lakini hukuniuliza pia.»

«Nilikuwa nakusemea wewe, Migdalia. Watu wajue unavyoteswa.»

«Nani alikwambia nateswa? Nilikuwa nahesabu miezi. Miezi, Ozella. Ulikuwa unataka nyumba yako mpya, ukanitoa mimi ukutani kama ushahidi.»

Ozella akasema ataandika barua, ataenda kwa wakili, atasema mbele ya yeyote. Migdalia akamwacha amalize. Kisha akasema Efraín amelala, wasimwamshe, akafunga mlango. Pai ilibaki mikononi mwa Ozella. Tuliila wiki nzima mimi na yeye, maana hakutaka itupwe.

Barua aliiandika kweli, na wakili alimwona, mjini Orlando. Wakili akamwuliza kama ana karatasi yoyote inayoonyesha Migdalia aliagizwa. Hakuna. Akamwuliza kama Migdalia mwenyewe anataka kushtaki. Migdalia hakuwa anapokea simu.

Wakamweka Ozella mlangoni kwenye bata mwanaanga, fulana ya kijani, kazi yake kuinua mkanda wa foleni na kusema angalieni hatua. Alifanya hivyo miaka minne. Bustani ilipotimiza miaka hamsini, mambo ya zamani yalikuwa yameanza kupendwa. Watu waliokuwa watoto siku za Nyumba ya Kesho sasa walikuwa na vipara, na walinunua fulana zenye kile kibao cha «Mwaka 2000» kwa bei ya kushangaza. Ofisi ikaamua kujenga upya lile jiko, kwa wiki moja tu, pembeni ya duka. Zulia la chungwa walilitafuta hadi wakalipata. Na mkono walitengeneza mwingine, wa kweli, wa mota na kompyuta, unaonyanyua kikombe bila kumwaga tone. Miaka yote ile walisema haiwezekani.

Prentiss, ambaye sasa alikuwa meneja, alimwomba Ozella afanye onyesho. «Bi Ozella, bila wewe si kitu kile,» alimwambia. Ozella akasema atakubali iwapo Migdalia ataalikwa na jina lake kusomwa. Prentiss akaenda kutafuta, akarudi akasema katika orodha ya waliofanya kazi Nyumba ya Kesho hakuna mtu wa jina hilo.

Alikubali, hata hivyo. Sijui kwa nini, na sikumwuliza siku ile. Nilimshonea gauni jipya. Maneno waliyomwandikia yalikuwa ya kuchekesha: alitakiwa ashangae jinsi watu walivyokuwa wajinga zamani. Aliyasema yote. Watu walicheka kila mahali palipoandikwa wacheke. Mkono ulipoleta kikombe alinyoosha mkono kukipokea, akasubiri kidogo, kana kwamba kitavutwa nyuma. Hakikuvutwa. Mashine haikujua mzaha.

Aliacha kazi mwezi uliofuata. Efraín alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Tulisikia kwa mtu wa kanisani kwao, mazishi yamekwisha. Siku moja tukiwa tumekaa kibarazani kwake nilimwuliza Ozella kama angeweza kurudi kwenye chumba kile na kahawa na keki, angesema nini.

«Ningesema yale yale juu ya taa na simu,» alisema. «Hayo yalikuwa yangu.»

Migdalia amehamia Ponce kwa dada yake. Ozella alimwandikia kadi mbili za Krismasi kwa anwani aliyopewa. Zote mbili zilirudi, hazijafunguliwa.