Niliona Matundu Yamezibwa, Nikakohoa Nikaondoka

Asubuhi ile mama mkwe wangu aliingia bafuni kwangu akiwa mzima, anaimba, na maji ya moto yalikuwa yanatoka vizuri kabisa.

Hakuungua. Hakuteleza. Hakupigwa shoti.

Alikutwa amekaa chini, ameegemea ukuta, kitenge kifuani, kama mtu aliyepumzika kidogo. Bomba bado linamwaga maji.

Mtaa mzima ukasema ni mkono wa mtu.

Mimi nilikuwa najua ni nini, wakuu. Nikanyamaza siku arobaini.

Naitwa Abel. Ni fundi bomba, ila kwa miaka sita sasa mishe yangu kubwa ni kufunga sola za maji hapa Morogoro. Zile unazoziona juu ya bati, tangi na mirija ya vioo. Ukipita Kihonda saa nane mchana ukaona mtu anajikaanga juu ya paa, ni mimi huyo.

Sola ina ugonjwa mmoja tu, mawingu. Na mimi nimejenga Bigwa, chini ya mlima wenyewe. Masika yakikolea, Uluguru inajifunika wiki nzima usiione, na maji ya sola yanatoka vuguvugu la kukera.

Dawa yake ni hita ya gesi. Ukifungua bomba, maji ya sola yanapita kwanza kwenye hita. Yakiwa moto, hita inatulia. Yakiwa yamepoa, inajiwasha yenyewe na kumalizia joto lililopungua. Mteja anaoga bila kujua nje kuna jua au mvua.

Kwangu sikuwa nayo. Si mnatujua mafundi, nyumbani kwetu ndiko kwenye koki inayovuja.

Nilishtuka mke wangu Magreth alipokaribia kujifungua. Mtoto wa kwanza. Mama yake, Bi Semeni, angeshuka kutoka Mgeta kuja kumlea mzazi.

Huyu mama naomba niwaambie alikuwa nani kwangu.

Nilipopeleka posa, wajomba zake Magreth walinikataa. Na kwa Waluguru mjomba akishakataa, umekwisha. Kijana wa Ngerengere, hana hata spana yake mwenyewe, anataka binti yetu? Bi Semeni ndiye aliyesimama mbele ya kaka zake akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa. Huyu kijana ana mikono, atamlisha."

Basi. Nikapewa mke.

Kwa hiyo nikaapa, mama huyu hatapuliza kuni nyumbani kwangu hata siku moja. Maana kumkanda mzazi si mchezo. Asubuhi na jioni, siku arobaini, mzazi anakandwa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya kuunguza. Maji hayo Bi Semeni alikuwa akiyachemsha kwa kuni tangu akiwa msichana. Macho yake yalishakuwa mekundu kwa moshi.

Nikafunga sola. Nikafunga na hita ya gesi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Hita ya gesi inatakiwa kukaa nje ya ukuta. Kwa mteja naifunga nje, tena nakuwa mkali, mteja akibisha nafunga begi langu naondoka. Kwangu nikaogopa upepo wa mlimani usije ukazima moto mama akiwa katikati ya kukanda. Nikaifunga ndani ya bafu. Bomba la kutolea hewa chafu nikasema nitaweka wiki ijayo. Ukutani kulikuwa na matundu mawili ya hewa, moja juu, moja chini. Nikajiambia yanatosha.

Magreth alijifungua salama, na Bi Semeni akafika Jumapili na kikapu cha njegere na kuku mmoja.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa mlangoni, macho chini.

"Marahaba baba. Hongera ya mtoto."

Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Mkwe na mkwe hatushikani mikono, hatukai sofa moja, hatupigi stori. Na habari za kuoga ndiyo usiseme kabisa. Kwa hiyo siku ya kumwonyesha hita, sikuingia. Nilikaa sebuleni namwelekeza Magreth kwa sauti, Magreth anamwelekeza mama yake.

Nikasikia maji, halafu kelele.

"Yesu wangu! Kuni ziko wapi?"

"Hakuna kuni mama," Magreth anacheka. "Ni jua. Jua likigoma, ni gesi."

"Jua gani na wiki nzima limelala? Mwambie mkwe wangu Mungu ambariki. Mwambie mikono yake nilikwishaiona zamani."

Nilifurahi sebuleni peke yangu kama mwehu. Na kwa furaha ile, neno moja la matundu sikulisema.

Kila anayekanda mzazi ana sheria moja, mzazi asipigwe na upepo. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, tundu lolote linazibwa. Mama yangu mwenyewe aliwakanda dada zangu hivyohivyo pale Ngerengere. Nilikuwa nalijua hilo, msinitetee.

Jumatano asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba kuangalia mtungi. Nikainua macho.

Matundu yote mawili yamezibwa kwa kanga. Pindo linaning'inia kwa nje.

Hita inaunguruma ndani, na hewa haitoki wala haiingii. Moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa unatengeneza hewa ya sumu. Huioni. Huinusi. Inakulegeza tu hadi unalala.

Ndani nilisikia kitambaa kinapiga mgongo, pa, pa.

"Mama inachoma!"

"Vumilia, ndiyo uzazi huo!"

Mke wangu yuko uchi mle. Mama mkwe wangu amejifunga kanga moja. Na mimi nimesimama upande wa pili wa ukuta wa bafu. Ningesemaje? "Hodi, naomba mzibue?" Angeniona nachungulia. Angewaambia kaka zake.

Nikakohoa.

Kitambaa kikaendelea kupiga, pa, pa.

Nikaondoka. Nikajisemea jioni nitamwambia Magreth. Jioni nyumba ikajaa kina mama waliokuja kumwona mtoto. Nikasema kesho. Kesho yake nikapigiwa simu na mteja, tangi linavuja, nikaruka na pikipiki yangu.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nikiwa juu ya bati Kihonda, simu ikaita. Jirani yangu, mama Hashimu.

"Abel, rudi nyumbani."

"Kuna nini?"

"Rudi tu, baba. Rudi."

Nilipofika, alichonisimulia ni hiki. Magreth alishakandwa, akaenda chumbani kunyonyesha. Kichwa kinazunguka, akadhani ni udhaifu wa uzazi, akasinzia. Mama yake alibaki bafuni kuoga. Mtoto ndiye aliyemwamsha Magreth kwa kulia, na maji bado anayasikia yanamwagika. Akaita, kimya. Akapiga kelele. Mama Hashimu na mumewe wakavunja mlango.

Hospitali daktari aliniita pembeni.

"Nyumbani mnatumia mkaa ndani?"

"Gesi. Hita ya gesi, bafuni."

"Hewa inatokea wapi?"

Alinitazama, akaandika, akaniambia pole.

Tulimpandisha Mgeta kwenye ukungu, barabara utelezi mtupu. Msibani wengine walisema presha, wengine walimtaja jirani wa shambani. Wajomba wenyewe, wale walionikataa, wakanishika bega. "Ulimtunza dada yetu," wakasema. Mzee Ignas, mkubwa wao, alilia begani kwangu.

Nikakubali pole zao. Mtu mzima, nikapokea pole kama mfiwa msafi.

Niliporudi Bigwa nikaing'oa hita. Magreth aliniuliza mbona, nikasema imeharibika. Tukarudi kwenye kuni. Mke wangu akawa anapuliza moto mwenyewe, mtoto mgongoni, na mimi namtazama.

Baada ya arobaini nikashindwa. Tulikuwa tumekaa jikoni mchana, mvua inanyesha. Nikamwambia yote. Hita ndani, bomba la hewa ambalo sikuweka, kanga kwenye matundu.

"Uliziona lini?"

"Jumatano."

"Na mama amekufa Ijumaa."

"Ndiyo."

Nilitamani anipige.

"Angekuwa mama yako wewe aliyekuwa ndani," akaniuliza, "ungegonga?"

"Ningevunja mlango."

Akaanza kulia. Nikadhani analia kwa hasira juu yangu. Kumbe alikuwa na lake.

"Abel, mama alikuwa anaumwa kichwa tangu siku ya kwanza. Kila akitoka mle anashika ukuta. Alisema lile joto lako linamlevya. Nikamwambia ngoja nikwambie wewe, akanikataza. Akasema mkwe wangu amejinyima ili nisipulize kuni, nikilalamika nitamvunja moyo. Akawa ananikanda haraka haraka, halafu yeye anaenda kuoga maji ya baridi bafu la uani."

"Sasa Ijumaa alibaki kufanya nini?"

Hakunitazama.

"Alhamisi usiku ulinikuta nakunja nepi. Uliniuliza mbona mama haogi maji ya moto, kwani hita yako hajaipenda?"

Nilikumbuka. Wakuu, nilikumbuka hadi nilivyokuwa nimesimama. Yaani nilikuwa na mke wangu chumbani, wawili tu, mdomo wangu mzima. Nikaulizia sifa zangu. Ya kanga sikuyasema.

"Asubuhi nikamfikishia," Magreth akasema. "Akaniambia basi leo nitaoga humo, tena nitakaa sana, umwambie mkwe wangu nimeyafurahia maji yake."

Mvua ilinyesha mpaka ikaisha. Tulikaa palepale. Hatukulaumiana. Kila mmoja wetu watatu, na marehemu akiwemo, alikuwa na neno lake moja la kusema, na kila mmoja alilimeza kwa kumstahi mwenzake.

Wiki iliyofuata nilipanda Mgeta nikawaambia wajomba. Mzee Ignas hajanijibu mpaka leo. Simlaumu.

Bado nafunga sola na gesi, ndiyo kazi ninayoijua. Hita inakaa nje, na bomba lake la hewa nalifunga siku hiyohiyo. Nikimaliza siongei na baba mwenye nyumba peke yake. Naomba waitwe wote wanaooga mle, bibi, dada wa kazi, mkwe kama yupo. Nawaambia usoni. Mkiona kichwa kinauma, zimeni mtoke nje, halafu mseme. Wengine wananiona sina adabu.

Wewe unayesoma, kama umeona kitu kinachoweza kumuua mtu wa heshima kwako, gonga. Yuko uchi, gonga. Ni mama mkwe, gonga. Atakukasirikia mwezi mzima, atawaita kaka zake, utalipa faini ya mbuzi, ila utakuwa bado unamsalimia kila asubuhi, macho chini, naye anakuitikia marahaba.