Vigingi Vilivyopika Mihogo

Wiki iliyopita seremala wa ng'ambo ya barabara alimpa jirani yangu vipande vya mbao vilivyobaki, mbao laini nyeupe zilizopakwa rangi nyekundu upande mmoja. Jirani, kwa furaha ya kupata kuni za bure, akawasha mbabula yake, jiko la bati, chini ya dirisha langu. Moshi ulinikuta nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Mbao za namna ile zikiungua hunukia vizuri mwanzoni, halafu rangi inakukwaruza koo na kukuachia uchungu mdomoni. Kalamu ilinidondoka. Mimi, mwalimu ninayenyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, nilijikuta nimeinua mikono yote miwili nikijipapasa nywele, nikitafuta kitu ambacho hakijakaa kichwani mwangu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Msinicheke bado. Hadithi hii sijawahi kumsimulia mtu, hata marehemu baba, na nitaisimulia mara moja tu.

Tulikaa Kilibula. Mnajua Uvira ilivyobanwa, milima mgongoni na ziwa usoni, na katikati nyumba zinasogeleana kila mwaka. Lakini kwetu palibaki kipande kimoja kitupu kando ya barabara, chenye nyasi fupi zilizoliwa na mbuzi na miti miwili ya mivumu yenye kivuli kizito. Tulipaita Kwenye Majani. Hakuna aliyejua kama pana mwenyewe. Wavulana walicheza mpira hapo, akina mama wa kanisa letu walifanyia hapo mazoezi ya nyimbo, na upande wa barabara walikaa wanawake wenye kuuza, kila mmoja na mahali pake palipochimbika kwa kukaliwa.

Wa kwanza, chini ya mvumu mkubwa, alikuwa Mama Riziki. Alikuwa mjane kutoka Nyakabere, huko bondeni, mnene wa mikono na mwepesi wa maneno. Alikaanga mihogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mawese kwenye karai kubwa lililokaa juu ya mafiga matatu. Harufu ya mawese yale ilitufuata mpaka darasani. Mwalimu alikuwa akiuliza saba mara nane, na sisi tunahesabu ndagala.

Sheria ya pale haikuandikwa popote. Mtoto akileta konzi ya kuni kavu, alipewa kipande cha mhogo na ndagala watatu juu yake. Mama Riziki alipima kuni kwa goti. Ukuni ukilia ta! ulipokelewa. Ukikunjika kimya, ulirudishwa mkononi mwako na maneno juu yake: "Hii iko mubichi. Peleka kwenu, mama yako atakuchapa nayo." Kupata kuni mjini si kazi ndogo, na mimi nilikuwa mtoto mroho. Niseme ukweli, mambo yote yaliyofuata yalianzia tumboni mwangu.

Siku moja tulitoka shule tukakuta wanaume watatu Kwenye Majani, na chombo chenye miguu mitatu na jicho moja. Tukadhani wamekuja kupiga picha. Tulijipanga mbele ya lile jicho, tukanyoosha shingo na kukaza midomo kama watu wa heshima, mpaka mmoja wao akatufukuza kwa jiwe. Walipoondoka, nyasini kulikuwa kumechomekwa vigingi vizuri ajabu, vilivyorandwa, vyenye ncha nyekundu na utepe mwekundu uliofungwa juu. Walikuwa wakiviita pike. Mimi niliona kuni.

Kesho yake niling'oa vinne. Mama Riziki alikipokea cha kwanza akakigeuzageuza. Akatazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Nilifikiri anasifu ubao. Halafu akakivunja kwa goti, ta!, akakisukuma motoni.

"Iko zingine?" akaniuliza.

"Iko, mama. Ni mingi."

"Basi leta pole pole. Na ile kamba nyekundu, tupa mu moto."

Siku ile nilipewa ndagala sita. Nilivuna vigingi vile juma zima, viwili leo, vitatu kesho, mpaka vikafika kumi na kimoja. Tepe nilizitupa motoni kama nilivyoambiwa, isipokuwa mbili. Hizo zilikuwa za kung'aa, na mimi nilikuwa sijawahi kuwa na utepe wa dukani. Jumamosi asubuhi nilimwomba dada yangu anifungie nywele mafundo mawili, nikazifunga zile tepe juu yake, nikaenda Kwenye Majani nikitembea kwa madaha.

Gari lilikuwa limeshafika. Alishuka shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akashuka yule mpimaji wa chombo cha jicho moja, wakashuka polisi wawili wenye bunduki. Wale akina mama wakaacha kuuza wote kwa pamoja, na nilisikia mawese yakichemka.

"Nani alingoa mapike?" shefu aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali, na ndiyo iliyonitisha zaidi. "Hii kiwanja iko na mwenyewe, iko na dokima, karatasi ya Leta. Mwenye alingoa ataingia kasho. Kama ni mutoto, baba yake ataingia."

Kasho. Nani hakujua kasho, lile korokoro la Leta, la serikali? Tuliambiwa kuna chumba kisicho na dirisha, mvua ikinyesha maji yanafika magotini, na watu wanalala wamesimama. Nilimwona baba, mtu mwembamba wa miwani, amesimama humo gizani na suruali yake ya kufundishia imelowa. Nilitaka kukimbia, nikaona kwamba nikikimbia tepe zitapepea. Nilitaka kuzing'oa, nikaona mikono ikipanda kichwani wataitazama. Nikabaki nimesimama palepale, kandokando ya karai, na kitu cha moto kikanitiririka mguuni mpaka kwenye kandambili. Nawaambieni, katika maisha yangu nimepita kwenye hofu nyingine kubwa, nimekimbia risasi nikiwa na mtoto mgongoni kama watu wengi wa kwetu. Lakini hofu ya siku ile ndiyo iliyobaki na harufu.

Mpimaji alikwenda kutoka moto hadi moto, anafukua majivu kwa ncha ya kiatu. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na yeye alikuwa na mioto mitatu tu ya kukagua. Kwa Mama Riziki kiatu kilitoa kipande cha ubao kama kidole, kimeungua upande mmoja, upande wa pili ni mwekundu. Akakiokota. Akainua macho, na macho yakapita kwa Mama Riziki yakanifikia mimi, yakapanda polepole mpaka kwenye nywele zangu.

"Na huyu mutoto, alitosha wapi hii kamba?"

Hapo mkono wa Mama Riziki ulishuka juu ya kichwa changu. Kiganja chote, chenye mafuta, kizito. Kilifunika tepe zote mbili na kunikandamiza mpaka shingo ikauma.

"Ni mimi, minye njo nilimufunga," alisema. "Na mapike ni minye nilibingoa. Nilikosa kuni. Huyu hajue kintu."

"Weye mama, unajua ile kintu ni ya Leta?"

"Niko mujane wa Nyakabere, shefu. Minye naona kuni, napika."

Alinena hivyo kwa sauti kavu, hata yenye kichekesho kidogo, na mmoja wa polisi akataka kucheka. Lakini mkono haukuondoka kichwani. Walipomwambia apande gari, ulizidi kunilemea kwanza, kisha ndipo ukaniacha. Alivua kitambaa cha kiunoni, akajifuta vidole kimoja kimoja, akaniambia neno moja tu: "Angalia moto."

Nikauangalia. Gari likaondoka, watu wakatawanyika, nami nikasimama mbele ya karai nikiangalia moto kama nilivyoagizwa, mihogo ikawa ya kahawia, ikawa myeusi, mawese yakaanza kutoa moshi. Mwanamke aliyeuza lenga-lenga, mchicha wa kwetu, ndiye aliyekuja kuliepua karai. Alinitazama kichwani, akafungua zile tepe mwenyewe, akanipa mkononi. Nilizizika nyuma ya choo chetu.

Mama Riziki alirudi siku ya tatu, miguu mitupu, maana viatu vilibaki huko. Alikuta mabati yamezungushwa pande zote na mashine imeshaanza kazi ndani. Sisi watoto tulichungulia kwenye tundu za misumari. Mvumu mkubwa haukukatwa. Ulisukumwa mpaka mizizi ikatoka juu na udongo wake, na ndege walizunguka hapo hadi jioni. Wanawake wa barabarani waliambiwa waende sokoni, na sokoni wakaambiwa hakuna nafasi. Mama Riziki akabeba karai kichwani akarudi bondeni. Mimi niliuona mgongo wake tu, kwa kuwa nilikuwa nimejificha.

Na niliendelea kujificha. Kila gari lililosimama karibu na nyumba yetu lilinikuta chini ya kitanda. Baba alisema nina minyoo, nikanyweshwa dawa chungu ya majani, nikainywa bila kulia kwa sababu niliona ni haki yangu. Maana kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi. Wale watu walikuja kupima tu. Sisi tukawaibia, wakakasirika, wakachukua Majani yote. Kama nisingekuwa mroho, mivumu ingekuwepo, na akina mama wangekuwepo, na Mama Riziki asingelala kasho. Kila niliyemwona akipita pale na kusikitika, nilihisi ananilaumu mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeupiga teke mtungi. Leo pale pana stesheni ya mafuta na maduka mawili. Nikitaka kwenda mjini huwa napita njia ya nyuma.

Basi, baada ya moshi ule wa wiki iliyopita sikulala vizuri. Jumamosi nilipanda pikipiki nikaenda Nyakabere, nikauliza nyumba hadi nyumba, nikiogopa kuambiwa kwamba nimechelewa. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Amekonda, mikono imebaki ngozi. Nilimtajia jina la baba, nikapiga magoti, nikamwaga yote bila kupumua, vigingi, tepe, hata kandambili iliyolowa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha Kwenye Majani, hadi akaweka kisu chini.

"Weye ulifikiri minye sijue pike?" alisema. "Mbele ya zako nilikuwa nimeshachoma tano. Nilisema, bakikosa alama batachoka, batapima kwingine. Akili ya mujane."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi miaka yote sikuwa hata kata. Nilitaka kucheka naye, lakini yeye alikuwa ameacha. Alichukua mhogo, akaushika tu bila kuumenya.

"Muntu mukubwa akiinama pale, banamuona. Mutoto anaokota kuni, nani atamuuliza? Njo maana nilikuambia ulete. Nilituma mutoto wa bantu mu mambo ya hatari. Nikiona ile kamba mu nywele yako, nilisema, Mungu wangu, nimemuua. Weye njo unisamehe."

Nikamwambia nililokuwa nimelibeba kama shukrani, kwamba siku ile, mkono wake ulipokaa kichwani mwangu, ndipo nilipojua sitapelekwa popote. Kwamba hofu ilikuwa inaniua na mkono ule ukanishikilia.

Mama Riziki alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Minye nikushikilie?" alisema. "Mutoto, magoti yangu ilikuwa imekwisha. Bunduki mbili pale, na minye sijaona kasho hata siku moja. Hakukuwa ukuta, hakukuwa kiti, mbele iko mafuta ya moto. Kulikuwa kichwa yako. Ungetoka pale, ningeanguka mu karai."