Maoni Yangu Yasiyo na Jina

Mimi ni afisa elimu kata, na juzi nilijiponza mwenyewe. Bosi wetu mpya wa wilaya alituita kikaoni: tunaacha mafaili, taarifa zote zitatumwa kwa kishikwambi. Tulishasikia kwamba wabishi watarudishwa kufundisha darasani.

"Andikeni maoni, msiweke majina," akasema. "Nataka ukweli."

Ukweli nilikuwa nao! Nikachomoa karatasi kwenye begi, nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa, nikataja hata kata isiyo yangu: GENDABI MTANDAO MPAKA UPANDE KICHUGUU, NA BOSI MWENYEWE KISHIKWAMBI ANAWASHIWA NA DEREVA.

Akaisoma kwa sauti. Watu wakainama kuficha vicheko. Mimi, mnafiki mkubwa, nikatikisa kichwa: "Jamani, huyu hana adabu!"

Bosi akaigeuza karatasi, akaanza kusoma upande wa pili. Ndipo nikakumbuka kwamba ofisini kwangu, kwa kubana matumizi, tunaandikia nyuma ya nakala za barua za zamani.

"Hapa nyuma kuna barua ya kuomba ruhusa kwenda Tlawi kumuuguza mama," akasema, macho yake yakinitafuta mpaka yakanipata. "Pole, mwalimu. Mama anaendeleaje?"