Swichi ya Haraka

Ofisini walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuiandaa maktaba, lakini si ya vitabu: lilikuwa rundo la hesabu za kompyuta zinazokadiria mto utapanda kiasi gani. Hesabu hizo huandikwa na watu, kisha programu iitwayo kompaila huzigeuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila ikianza kusaga, naye huanza korido: dirishani, kwenye birika la chai, dirishani tena. Dakika arobaini hajakaa. Mama yake, aliyeishi bondeni karibu na mto, alishawatangazia majirani kwamba binti yake ni mkutubi, na kila mwezi alimwagiza kitabu cha mapishi.

Wiki mbili nyuma mkuu wa kitengo alilalamika kwamba utabiri unachelewa. Kiguu na Njia, ambaye subira hakujaliwa, akaongeza neno moja kwenye faili la maagizo ya kompaila. Wenyewe huliita swichi ya haraka. Hesabu ya saa mbili ikaisha kwa dakika thelathini na tano. Wakampigia makofi. Mzee anayetunza seva, zile kompyuta kubwa za ofisi, peke yake akasema, "Haraka haraka, mwanangu," akaishia hapo, maana methali yenyewe kila mtu anaijua.

Mvua ilipoingia siku ya tatu, skrini ilionyesha maji ya kawaida bondeni. Simu ikalia.

"Mwanangu, maji yamelipita jiwe la kufulia."

"Mama, huku naona mto umetulia."

"Basi huo wako ni mto mwingine."

Alifungua data ghafi, namba kama zinavyotoka kwenye vipimo vya mtoni. Kipimo cha darajani kilikuwa kimekufa tangu alfajiri; kila robo saa kilileta jibu lile lile, "si namba", yaani hakuna kilichopimwa. Programu ilitakiwa kuliona, kupiga kelele na kukadiria kwa vipimo vingine. Ndipo alipokumbuka. Anayewasha swichi ya haraka huiapia kompaila kwamba humu hakitaingia kamwe kitu kisicho namba. Kompaila haina ubishi: ilimwamini, ikautupa ukaguzi wote kama kazi bure, na makadirio yakabaki pale yalipokuwa kabla ya alfajiri, mto ukiwa bado umetulia. Kiapo kilikuwa chake, na wa kumsingizia hakuwepo.

Akaifuta swichi, akaamuru maktaba ijengwe upya. Dakika arobaini, kisha saa mbili za hesabu. Mto gani unasubiri kompaila? Akaenda mbio kwa mkuu wa kitengo.

"Utabiri wa leo ni uongo. Kosa ni langu. Toa tahadhari bondeni sasa hivi."

"Kwa namba gani?"

"Kwa jiwe la kufulia la mama yangu."

Mkuu alimkazia macho, kisha akanyanyua simu. Kiguu na Njia alikuwa ameshapiga ya kwake.

"Mama, tokeni. Waambie na majirani."

"Kompyuta imesema?"

"Kompyuta haijui kitu, mama. Nasema mimi."

Kwa muda wa karibu saa tatu aliitembea korido ile hadi mfagiaji akamwomba apishe. Hesabu ilipomaliza, bondeni palikuwa pekundu skrini nzima. Mama alipiga simu kutoka shule ya mlimani. Watu wote walikuwepo. Aliyekosekana ni jogoo wa jirani, naye alikuwa mkaidi tangu zamani.

"Nyumba imezama hadi dirishani," mama akasema. "Lakini majirani wanakushukuru, mkutubi wangu."

Shukrani ile ilimuuma kuliko tusi, kwa kuwa tahadhari ingeweza kutoka alfajiri, na vitu vya mama vingeokolewa. Alirudi mezani akafungua faili la maagizo. Pale ilipokuwa swichi akaandika mstari kwa yeyote atakayekuja baada yake:

Usiiwashe. Mama anakaa bondeni.