Mikoba ya Kuombea Kura

Mdogo wangu wa kike anagombea udiwani katika mji mmoja wa Uingereza. Mipaka ya kata ilipochorwa upya, mtaa unaomfahamu ulihamishiwa kata ya jirani, naye akabaki kuomba kura kwa watu asiowajua.

Ndipo aliponipigia simu hapa Guangzhou, China, ninakosafirisha mizigo, akitaka nimtengenezeshee mikoba kule Shiling kwenye viwanda vya mikoba, yenye picha yake, awagawie wapigakura.

“Kaka, nyumbani si wanagawa khanga na kofia? Hawa hawanijui.”

“Mambo hayo ya nyumbani ndiyo yaliyotuchosha. Huko uliko sheria inayaita hongo, na mimi sisafirishi hongo.”

“Basi nikishindwa, usinipe pole.”

Alikata simu. Kwa wiki nzima hakunitafuta, nami sikuwa na nguvu ya kuanza ugomvi upya. Jana aliniandikia kwamba viatu vyake vimelowa kwa mvua akipita nyumba kwa nyumba, na wengi hawamfungulii.

Hata hivyo, sampuli moja ya mkoba nilikwisha kuishonesha kwa ajili yangu tu, nami huitumia kubebea mboga. Leo mama muuza mboga ameitazama picha, akaniuliza kama huyu alichaguliwa.

“Bado,” nikamjibu. “Anagonga milango.”