Bandeji za Athumani wa Muheza

Usiku ule ndotoni tulikuwa watano. Nilikuwepo mimi, Mwanaidi. Alikuwepo mdogo wangu Shabani, ambaye kwa kweli alikuwa amelala chumba cha pili. Alikuwepo baba yetu, aliyemfuata mama kaburini baada ya mwaka mmoja, na Mwalimu Kibwana, aliyemfundisha baba ngumi, ambaye tulimzika kabla yao wote. Wa tano alikaa nyuma ametupa mgongo, sikumtambua.

Nilikuwa nimelala na jambo. Shabani alikuwa amepata pambano lake la kwanza la kulipwa, na kambi yao haimpandishi ulingoni kijana asiye na wazazi mpaka mkubwa wa nyumba aseme ndiyo. Mkubwa wa nyumba ni mimi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Siku tatu alikuwa akiniuliza, na siku tatu nilikuwa nikimwambia aniache nifikiri.

Tulikuwa kambini, ile ya zamani ya Ngamiani, yenye begi la mchanga lililoshonwa kwa turubai. Ilikuwa mchana. Baba na Mwalimu walikuwa wanabishana kama walivyobishana kila Jumapili ya uhai wao: nani alikuwa na ngumi nzito kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni.

"Gari Moshi," baba anasema. "Alimlaza mtu raundi ya kwanza. Mtu alipoamka akamwuliza refa pambano linaanza saa ngapi."

"Gari Moshi alikuwa na kelele tu," Mwalimu akasema. "Mkono mzito ni wa Jembe wa Korogwe. Mkata mkonge yule. Nilimshikia pedi za kupigia ngumi wiki mbili, mke wangu akawa ananifunga vifungo vya shati, vidole havikunjiki."

"Umri huo, Mwalimu. Usimsingizie Jembe."

"Wewe ulimwangalia umekaa kwenye kiti, na kikombe cha chai. Mimi nilishika pedi."

Shabani akacheka. Nikataka kumwuliza amefikaje pale, maana yeye ni mzima, lakini niliona si adabu kuuliza mbele ya wakubwa.

Halafu kambi si kambi tena, ni darasa langu la sita. Nimekaa kwenye dawati langu, magoti yanagonga juu, kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Mwalimu Kibwana ananipa chaki.

"Andika, Mwanaidi. Tuumalize ubishi huu leo."

Nikaandika Jembe, chini yake Gari Moshi. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Juu yao mwandike baba yako."

Nilifurahi, sikatai. Nikaliandika jina la baba kwa mwandiko mzuri kuliko wote nilionao, na Shabani akapiga dawati kwa kiganja. Baba peke yake hakufurahi.

"Nifute," akasema.

"Baba, Mwalimu ndiye aliyesema."

"Nifute, mwanangu."

Nafuta kwa kiganja, nafuta kwa upindo wa khanga. Jina haliondoki, linazidi kuwa jeupe. Namtazama Mwalimu anisaidie, naye anatazama sakafu. Baba akanyoosha mkono kuonyesha nyuma ya darasa, na yule wa tano akageuka.

Alikuwa Athumani wa Muheza. Nilikuwa na miaka tisa baba alipompiga katika pambano lake la mwisho, nami nilikuwepo. Nakumbuka baba akibebwa mabegani upande mmoja, na Athumani akibebwa ameshikwa miguu na mikono upande wa pili. Sasa alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya dawati. Bado ilikuwa imefungwa bandeji za siku ile, zile bondia anazofunga ndani ya glavu, zimekuwa rangi ya udongo.

Mtu wa kambi yetu angeelewa palepale. Kambini kwa Mwalimu Kibwana, mshindi ndiye anayemfungua bandeji aliyeshindwa. Anapiga goti mbele yake, anafungua mkono wa kulia, kisha wa kushoto, wakiwa kimya, na baada ya hapo hakuna kinyongo. Kama aliyeshindwa amepelekwa hospitali, mshindi anamfuata kwao.

"Nilimfuata," baba anasema, ingawa sikumwuliza. "Nilifika hadi mlangoni. Nikamsikia mkewe anamlisha uji. Anamwambia, meza. Anamwambia tena, meza. Nikarudi stendi."

Maneno hayo sijui niliwahi kuyasikia akiwa hai. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kimeuma. Labda alimwambia mama nami nikiwa nimejilaza. Labda ni ndoto tu iliyoyatunga.

Nikapiga goti mimi. Naufungua mkono wa kulia wa Athumani, na bandeji haina mwisho. Inarundikana, tuko jikoni kwa mama sasa, inafika mafigani, na mkono wenyewe siuoni. Athumani hakukasirika. Akasema, "Nimekaa sana, mwanangu."

Nikageuka kwa baba. "Huyu ni wa kwenu au ni wa kwetu?"

"Kwetu sijamwona," baba akasema.

Nikaamka.

Shabani alikuwa uani, ameshamaliza kuruka kamba, anajimwagia maji kichwani. Nikakaa kwenye ngazi, nikamsimulia yote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza alichokuwa akiuliza siku zote.

"Kwa hiyo, dada, nipigane au nisipigane?"

"Sijui. Hilo sikuambiwa."

"Baba kaja toka huko alikotoka, hakunitaja hata mimi?"

"Hakukutaja."

"Basi kaja kwa shughuli zake."

"Ni zetu pia. Jumamosi tunakwenda Muheza, mimi na wewe."

"Mtu mwenyewe simjui. Na kama ameshakufa?"

"Baba amesema hajamwona."

"Dada, hiyo ni ndoto."

Hilo nalijua. Nilimwambia jibu lake nitampa tukitoka kwa Athumani. Nataka kwanza aione mikono hiyo kwa macho yake, nami nione uso wake anapoiona. Akanuna, akaingia ndani, kisha akatoka kuuliza gari la kwanza linaondoka saa ngapi.

Leo ni Alhamisi. Bandeji hizo zilikatwa hospitalini miaka mingi iliyopita, hilo pia nalijua, na sijui nikifika nitapiga goti nifungue nini. Lakini baba hakupiga goti, na hatapiga tena. Nimebaki mimi.