Mazishi Yasiyo na Sala

Nilikuwa Kibaigwa, katikati ya malori ya mahindi, nikizungumza na madalali kwa ajili ya makala nyingine kabisa, simu ilipoita. Alikuwa dada mkubwa wa rafiki yangu. Hakusalimia. "Mwanangu, mdogo wangu ametutoka," alisema. Nikampa pole, nikaanza kusema yale tunayosema sote, kwamba Mungu amlaze, nikasita katikati ya sentensi. Marehemu hakuamini kwamba Mungu yupo. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka: ndiye yule daktari wa mifugo mstaafu wa Kizota, hapa Dodoma, niliyewahi kumsimulia hapa bila kumtaja jina, na leo pia sitamtaja.

Alizaliwa kijiji kimoja cha Bahi, katika familia ya Wagogo wa kanisani, akaimba kwaya hadi utu uzima. Imani ilimtoka polepole, bila kishindo. Watu walipenda kudhani ni kwa sababu ya kufiwa na mkewe, na dhana hiyo ilimchosha. "Wanataka niwe nimemkasirikia Mungu," aliniambia. "Sijamkasirikia mtu. Nilitafuta imani ndani yangu nikakuta haipo, na kuigiza nisingeweza." Mwaka mmoja mvua ilipogoma, kijiji kikaitisha maombi, yeye ndiye aliyempeleka dada yake mwenye miguu mibovu, akasimama nje hadi wakamaliza. Nilipomuuliza alikuwa akifanya nini pale, alisema, "Mvua naitaka kama wao."

Jirani yake alikuwa mchungaji, na walipendana sana. Alasiri moja nilikuwa nao barazani kwake, mashine za karakana ya jirani zikipiga kelele nyuma ya ukuta, mchungaji akamchokoza. "Mzee, na hiyo yako ni dini tu. Una msimamo kuhusu Mungu, unautetea, wala huyumbi. Wewe ni muumini kuliko nusu ya washarika wangu." Nilitarajia acheke. Hakucheka. "Ingekuwa dini, mchungaji, ningekuwa na watu," alisema. "Wewe ukiugua, washarika wanajaa uani. Ukifa, kila mtu anajua wimbo wa kuimba. Mimi nina mawazo yangu tu, na mawazo hayabebi jeneza." Mchungaji alimshika goti. "Sisi tutakubeba." "Mtanibeba," akajibu, "lakini msiniombee. Msiseme juu yangu kitu ambacho nisingekikubali nikiwa hai." Baadaye, alipokuwa amelazwa, alimwambia dada yake maneno hayohayo, akamtaka aahidi. Dada akaahidi huku analia.

Ahadi hiyo ndiyo iliyozua mvutano msibani. Nilipofika kijijini kwao Bahi kwa mazishi, baba yao mdogo, mzee sana, alikuwa amesimama mbele ya wanaukoo chini ya turubai. "Huyu ni mtoto wetu, alibatizwa hapahapa," alisema. "Sisi hatumfukii mtu kimyakimya kama tunaoficha kosa." Wengi waliitikia. Dada wa marehemu akanyanyuka kwa shida, ameegemea bega la mwanamke mwenzake. "Baba mdogo," alisema, "mimi nimemwombea huyu kila siku tangu alipoacha kanisa. Hakuna hapa anayeitaka sala ya leo kuliko mimi. Lakini aliniomba nikiwa nimemshika mkono, nikamwambia ndiyo. Nikimgeuka kwa kuwa sasa hawezi kuniuliza, hiyo sala nitaitoa kwa mdomo gani?" Mzee alimtazama, kisha akakaa.

Mchungaji alikuja bila joho, akawa miongoni mwa waliobeba jeneza. Liliposhushwa, kikafuata kimya ambacho sijawahi kukiona kaburini. Kwa kawaida yupo mtu wa kutuambia sasa tuimbe, sasa tutupe udongo. Siku ile hakuwapo. Wanaume walishika makoleo wakitazamana, upepo ukivuruga vumbi na kanga za akina mama. Hatimaye mchungaji akainama, akachota udongo kwa mkono, akautupa bila neno, ndipo wengine wakafuata.

Nilipokwenda kumuaga dada yake nilimkuta ameketi mkekani, macho makavu. "Nimemtendea alivyotaka," aliniambia. "Lakini mimi naamini, mwanangu. Kila niliyemzika nilimwambia tutaonana. Huyu sikumwambia." Nikavua viatu, nikakaa.

Ukiniuliza leo kama kutoamini nako ni dini, msomaji wangu, nitasema hapana, wala sisemi hivyo kumdharau marehemu. Msimamo alikuwa nao, na utu, na ujasiri. Mchungaji hakukosea kuyaona hayo. Lakini kujibu swali la kuwapo kwa Mungu ni sehemu ndogo tu ya dini. Sehemu kubwa ni watu, na maneno yanayomngoja mfiwa yakiwa tayari, ili asihangaike kuyatafuta siku ambayo hana nguvu. Rafiki yangu hakuwa na maneno hayo ya kumwachia dada yake. Dodoma yetu inazidi kujaa watu wa kila namna, na wasioamini wamo, nao watakufa wakiacha ndugu wanaoamini. Tukishinda tunabishana juu ya jina la kuwapa, ndugu hao watabaki peke yao na huzuni yao. Nilichojifunza Bahi ni kwamba aliyekufa tumlindie neno lake, na aliyebaki tukae naye, hata tusipokuwa na la kumwambia.